Mguu wa Nyuma wa Pongo

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mkwe wangu Lazaro kamgonga pongo jana jioni, kwenye kona ya msitu kule Suma. Ukungu umetanda, yeye anakimbiza gari kama anafukuzwa. Taa moja imekufa, bampa linaning'inia.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyofundisha darasani miaka thelathini na minne. Simama. Washa taa za hazadi, weka pembetatu. Mnyama usimguse hata akilala kimya — pembe ya pongo inatoboa tumbo. Piga simu polisi na wanyamapori. Nyama si yako, ni ya serikali.

"Baba, gari si bunduki," akanijibu. Na huyu kafika kidato cha sita.

Alichofanya sasa! Mnyama bado anapumua, akamwomba abiria wake, Faraji fundi cherehani wa Makandana, amchinje — ili majirani Waislamu nao wapate kitoweo cha futari. Kuku wa harusi tunawachinja hivyo, sawa. Lakini pongo wa barabarani?

Sisi wakwe tumeletewa mguu wa nyuma. Ule uliopigwa na bampa, mfupa umesagika. Mzima kabaki nao. Nikasema urudishwe. Mke wangu, Tusekile: urudishe mwenyewe, mimi nitamtazamaje Atupele? Atupele ni binti yetu, mke wa dereva huyo hodari.

Jumanne, 11 Machi
Mguu unakauka kwa moshi juu ya jiko la kuni. Nimekula maharage.
Jioni, kipande. Kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Lazaro kajipeleka polisi mwenyewe. Bima wanataka ripoti. Akaulizwa mzoga uko wapi. Akajibu: ulikimbia. Mzoga.

Wakaenda kwake, wakakuta kichwa na ngozi stoo. Shingo ina alama ya kisu. Mtu wa wanyamapori akasema aliyegongwa hachinjwi, huyu mlimtega kwa waya. Na bampa? akauliza Lazaro. Bampa hata mgomba unalivunja. Lazaro na Faraji wako mahabusu. Ujangili ni miaka mingi jela.

Alhamisi, 13 Machi
Atupele kaja asubuhi, macho yamevimba. Nyama yote imeliwa, anasema, hata mifupa wamepewa mbwa. Hakuna cha kuonyesha kwamba ni gari. Tusekile akatazama juu ya jiko. Mimi nikatazama nje.

Saa nne kaja mtu wa wanyamapori kuuliza kama mkwe wangu huwa anawinda. Nikamweleza sheria yote: hazadi, pembetatu, simu, nyama ya serikali. Na kwamba atakayekutwa hata na kipande, naye ni mhalifu. Anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Laiti wangekusikiliza, Mwalimu, akasema.

Nimemwambia nafuata miwani chumbani. Ninayo usoni.

Anakunywa chai sebuleni. Tusekile ameushusha mguu, ameufunga kwa jani la mgomba, ameuweka hapa mezani, kando ya daftari. Mfupa uliosagika umetokeza nje ya jani.

Namsikia mgeni anaweka kikombe chini —