Nilivyokataa Kurusha Droni Mbele ya Shangazi

Jumamosi, Sofu. Mawingu tangu asubuhi, mvua haikunyesha. Nimerudi kutoka Kisarawe miguu imevimba, na sijui kama leo nimefanya jema au nimemvunja moyo mtu ninayempenda.

Magoti ya Shangazi yamegoma tangu mwaka juzi, na njia ya kwenda shambani kwake ni mteremko wa kutembea kwa miguu tu. Mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe hajaiona tena. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji, na anaogopa ingawa hasemi. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimwahidi kwamba nitakuja na droni yangu, aliangalie shamba lote akiwa amekaa barazani.

Niliahidi kabla ya kuangalia.

Juzi jioni, nikiwa nimechoshwa na kusahihisha mitihani, ndipo nilipofungua ramani ya anga kwenye simu. Shamba lote liko ndani ya duara jekundu, yaani eneo la marufuku kwa droni. Ndege zinazoshuka Dar zinapita huko. Jana nikampigia afisa wa masuala ya anga. Alinijibu kwa upole kwamba bila kibali nisirushe, hata kama ni ya kujifurahisha.

Droni nikaiweka kwenye begi hivyo hivyo. Nakiri.

Nilimkuta Shangazi amevaa kanga mpya, kiti kimeshawekwa. Binti yake, Mwanahawa, alikuwa amechemsha mihogo na kualika majirani. Nilipoeleza habari ya kibali, akacheka. "Dakika tano tu, dada. Nani atakuona huku?"

Nikaitoa droni. Nikakunjua panga zake. Nikaiwasha.

Hapo nikakumbuka Misugusugu. Mwaka jana niliirusha kwenye mechi ya mtaani bila kuangalia chochote, helikopta ikatokea chini chini nyuma ya miti. Niliibamiza droni ardhini kwa hofu. Hakuna aliyeumia. Sijawahi kumwambia mtu.

Nikaizima.

"Nisamehe, Shangazi. Siwezi. Zile ndege zina watu ndani."

Shangazi alijifunga kanga upya, akatazama pembeni.

Sikuweza kukaa pale na kula mihogo. Nikampa Mwanahawa maagizo ashike simu yake mbele ya mama yake, mimi nikateremka shambani nikiwapigia simu ya video. Mwanzoni Shangazi aliitikia tu. Nilipofika kwenye mikorosho, sauti ikarudi: geuza kushoto, sogea, inua juu nione maua. Kisha akafoka, "Huo uliolala chini, nani kauangusha?"

Aliyejibu ni Bi Zuhura, jirani wa shamba la pili, aliyekuwa akipalilia. "Upepo, bibi wewe! Kumbe u hai? Nilidhani umenisusa."

"Nikususe kwa lipi? Miguu ndiyo imenisusa mimi."

Miaka miwili kila mmoja alidhani mwenzake kanuna. Walicheka hadi bando langu likaisha katikati ya kicheko. Bi Zuhura akaweka jembe chini, akasema twende. Tulipanda kilima tukisimama kila mara kuvuta pumzi, maana naye si kijana.

Niliwaacha barazani wameshikana mikono. Bi Zuhura alikuwa anaapa kwamba siku ya upasuaji atakwenda naye hospitali, na Shangazi, kwa mara ya kwanza, alisema kwa sauti kwamba anaogopa.

Nilipoaga, Shangazi alinishika mkono.

"Hicho kibali kinachukua muda gani?"

"Sijui, Shangazi."

"Kiombe, mwanangu. Mimi nipo."

Jumatatu nitaanza kuulizia fomu. Leo sina nguvu hata ya kuvua viatu.