Mikono ya Rambirambi

Mbeya,
17 Agosti 1975

Kwako Dada Shija,

Natumaini mmeamka wazima huko Ubaruku, wewe, shemeji Nkuba na watoto, na kwamba mpunga wenu umeshatoka majarubani. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mwambie namkumbuka. Mimi mwili wangu hauna tatizo, ila chakula hakipiti vizuri, na sababu yake ndiyo barua hii.

Mume wangu Isakwisa alipofariki, uliniandikia nikae kimya nikubali kurithiwa na kaka yake. Ulisema Asukile ni mtu wa kanisa, tena ana duka, na kwamba ng'ombe wa mahari yangu ndio waliotumika kumwozesha kaka Budeba; nikikataa mimi, baba atatakiwa kuwarudisha, naye hana. Sikukujibu. Nilikuwa bado natafuta maneno, na unanijua, kitu nisichokuwa na neno lake siwezi kukieleza hata kwa nafsi yangu.

Kiswahili nakifundisha kila siku, nikadhani nakijua. Jirani yangu hapa mjini, Bibie, ambaye babu zake walitoka pwani, aliniambia kwamba kupambajana ni kwa waliopoteana siku nyingi: mabega yanagusana huku na huku, basi. Kupakata ni kwa mtoto, anakaa mapajani. Kukumbatia ni kwa mikono yote miwili, na anayekumbatiwa anajua ameegemea wapi. Kukumbata, alisema, ni kama unavyoshika mzigo wa kuni: unaubana usidondoke, wala huuulizi kitu. Msibani kule Tukuyu wanawake wa ukweni walinikumbatia mpaka blauzi yangu ikalowa machozi yao, hata wale walionicheka nilipoolewa.

Maana walinicheka sana. Kwao mke hamtazami baba mkwe, hamgusi, wala hatamki jina lake. Mzee akija njiani, mwanamke anaingia migombani na kuinama. Mara ya kwanza mimi nilisimama nimsalimie kwa heshima kama kwetu. Wifi Lusia akanivuta sketi, akasema Msukuma huyu amezoea kuchunga, kukimbia hajui. Miaka yote ile mzee nilimjua kwa kikohozi tu. Alikuwa akikohoa makusudi kabla ya kona, ili nipate nafasi ya kujificha. Nilikuja kukipenda kile kikohozi.

Asukile hakukohoa. Baada ya maziko alinifuata nyuma ya jiko, akasema pole shemeji, akanizungushia mikono. Koti lake lilinuka mafuta ya nguruwe na jasho lililolala. Vidole vilipita mgongoni mwangu kimoja kimoja, vikashuka, vikarudi, kama mnunuzi anavyobonyeza gunia ajue kama mpunga umekauka. Shavu lake lilikuwa na unyevu usiokuwa wa machozi. Akasema nisiwe na wasiwasi, ningali mikononi mwa wenyewe. Mkewe alikuwa pale akimenya ndizi. Hakuinua macho, alisogeza tu beseni lake. Nilijisugua kwa majivu. Tangu hapo kila aliponiona alinipa rambirambi zake mbele za watu, na watu wakasema tazameni anavyompenda marehemu. Mimi nilihisi kama konokono amepita juu ya ulimi wangu.

Nilimwambia Lusia kwamba sitaki. Akasema hata yeye hakuulizwa alipoozwa, na Asukile angalau hapigi.

Sasa baba atakuwa ameshawaambia kwamba ukweni wameniachilia bila kudai ng'ombe, kwa kuwa majonzi yaliniharibu akili. Dada, akili yangu haikuharibika. Siku ya kikao cha ukoo, wazee wakiwa uani na Asukile ndani ya koti lake, nilitoka jikoni, nikapita katikati yao, nikamkumbatia baba mkwe. Nilijua kwamba mwanamke aliyemgusa mzee hawezi tena kuingia nyumba ya mwanawe yeyote. Wanaume waliruka kama wameona nyoka. Asukile akatema mate, akanitazama kama kitu kilichooza, na macho yale yalinifurahisha kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Lakini mzee. Alikuwa mwepesi, mifupa na shati la kaki, harufu ya moshi na ugoro. Hakunisukuma. Aliinua mikono hewani asije akanigusa, na mimi nikaendelea kumbana ili wote waone. Nilimshika kama Asukile alivyonishika mimi, kwa haja yangu, bila kumuuliza. Naye alikuwa amefiwa na mtoto. Kinyaa kinachonipanda nikikaa kula si cha Asukile tena.

Asubuhi yake, nikiwa na mkoba wangu kuelekea stendi, nilimwona kwa mbali anakuja. Niliingia migombani, nikainama, nikasubiri akohoe. Alipita kimya, macho mbele, kama anavyompita mtu baki.

Sehemu hii usimsomee mama. Baba mwambie tu kwamba ng'ombe wako salama. Nisalimie shemeji Nkuba na wote wa hapo nyumbani, na yule mwanao wa mwisho mpakate kwa niaba yangu, mpaka alale mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Helena Nyanda