Kafi la Kwenye Picha

Mirongo, Mwanza
15 Juni 2025

Kaka yangu Nathaniel,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mama, ambaye nilimwacha Nansio Jumapili iliyopita akiwa na nguvu za kutosha kumgombeza kila aliyepita mlangoni. Vipi wewe, wifi Rebeka, na baridi ya huko Tunduma? Kile kikohozi chako kimepona, au bado unakitibu kwa kukisimulia? Huku tu wazima. Mvua zimekata, ziwa limetulia, na dagaa wamejaa sokoni mpaka paka wa hapa wamekuwa na maringo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda kwenye simu kutwa nzima. Mara mbili umenipigia kuniuliza kama kafi la baba lipo, ili mama awe nalo mkononi siku ya kuweka msalaba kaburini, mwezi wa nane. Mara zote mbili nilikujibu kwamba lipo salama, kisha nikakuuliza habari za Rebeka. Leo nataka nikujibu vizuri, na kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nianze na duka, maana yote yametokea humo. Unakumbuka mwaka juzi tulivyokwenda kuangalia mashindano ya mitumbwi, tukawaona wale akina mama wa Ukerewe wamemaliza mbio viganja vimechubuka? Wewe ulipiga makofi ukaenda kula samaki. Mimi nilirudi nyumbani na wazo. Nikaona kanda nzima ya ziwa watu wanashindana kwa mitumbwi na hakuna duka hata moja linalowauzia vifaa vyao. Nikafungua ukurasa mtandaoni, nikauita Makafi Spoti: glovu za wapiga kafi, jaketi okozi za rangi, mifuko ya simu isiyoingia maji, na makafi mepesi ya plastiki ngumu ya kuagiza nje. Baba aliposikia naagiza makafi kutoka China aliniuliza kama kisiwa kimeishiwa miti. Nilimwambia wateja wanataka vitu vya kisasa.

Kumbe sababu ya kutokuwepo duka ni kwamba hakukuwa na wateja. Timu nilizihesabu, hazikufika kumi, zinashindana mara moja kwa mwaka, na kila timu ina mjomba wa mtu anayechonga. Watu waliokuja kwenye ukurasa wangu walikuja kwa mambo yao. Huyu aliuliza kama nina jezi ya Yanga. Yule aliuliza nyavu. Mmoja wa Geita aliulizia glovu za kuchimbia. Wengine waliandika tu "bei?" na nikiwatajia wanapotea hewani. Ulinicheka sana wakati ule, na ulikuwa na haki.

Mzigo wa kwanza ulichelewa, nami nilikuwa nimeshatangaza. Nikahitaji kitu cha kupiga picha. Nikavuka kwenda Nansio, nikamwomba baba lile kafi lake la mbio, lile la mti mwekundu lililokuwa likisimama nyuma ya mlango wa chumba chao. Mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Baba alifikiri kidogo, akalitoa, akalifuta kwa shati lake mwenyewe, akasema nikimaliza picha nilirudishe. Nililipiga picha juu ya mawe, maji nyuma yake, na ile picha ilipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Zile alama mbili kwenye mpini zilionekana vizuri sana. Unazikumbuka. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunawaringia wenzetu kwamba baba yetu ameshinda mbio mara mbili, ushahidi umechongwa.

Wiki moja baadaye baba akaniandikia ujumbe. Unajua maandishi ya mzee wetu, R na L kwake zilikuwa ndugu. Aliandika "habali za asubuhi", aliandika "balua", na mimi tangu darasa la tano nilikuwa namsahihisha, ndiyo maana aliniita mwalimu ingawa hakuna shule iliyowahi kuniajiri. Ujumbe wenyewe ninao mpaka leo, nauandika hapa kama ulivyo: "Helleni lile kafi ulilete mapema. Ni mahali ya mama yenu."

Nikasoma, nikaelewa kwamba mahali pake ni kwa mama, yaani lirudi pale nyuma ya mlango lilipozoea kukaa. Nikaona hilo si jambo la haraka. Kilichonikera ni sarufi. Kabla sijauliza hata habari ya presha yake, nilimjibu hivi: "Baba, tunasema mahali PA mama, siyo mahali YA." Nikaweka na kakatuni ka kucheka. Akajibu: "Sawa mwalimu. Wewe ndiye umesoma."

Jumatatu iliyofuata akaniandikia mama mmoja wa upande wa Kamanga, mama Nusrat, mpishi wa shughuli. Aliuliza ule mwiko mrefu wa kwenye picha ni bei gani, kwa sababu ana harusi ya watu mia nne. Nilicheka peke yangu. Nikamweleza kwamba ule si mwiko, ni kafi la mbio za mitumbwi. Akanijibu kwamba kwake yeye chochote kinachofika chini ya sufuria ni mwiko. Nikamwambia asubiri mzigo mpya wa plastiki uko njiani, naye akaniuliza kama nimewahi kuona plastiki inasonga ugali ikatoka salama. Alitaka mti, na alitaka lile lile la kwenye picha.

Nikamuuzia, kaka. Nikalifunga kwa gazeti na kamba, nikavuka nalo mwenyewe kwenye kivuko cha Kamanga, nikamkabidhi mkononi. Ningetaka kukudanganya ningesema kodi ya nyumba ilinibana, lakini sikuwa na njaa na kodi nilikuwa nimeshalipa. Miezi mitatu nilikuwa natazama wauza viatu na wauza mawigi wanaandika IMEUZWA kwa herufi nyekundu juu ya picha zao, na mimi sijaandika hata mara moja. Nilitaka kuandika IMEUZWA. Niliandika siku ile ile, nikiwa bado kwenye kivuko narudi, na watu wakanipongeza. Wewe pia ulinipongeza, ukidhani nimeuza moja ya yale ya China. Kuhusu baba nilijiambia atachonga jingine, mikono anayo.

Baada ya wiki tatu presha ikamchukua. Zile jumbe mbili, ule wa mahali na ule wa mwalimu, ndizo za mwisho alizoniandikia. Kwenye msiba mama hakuuliza kafi, mimi nikashukuru kwamba hakuuliza, na shukrani hiyo inanitia aibu kuliko kuuza kwenyewe.

Sasa sikia la Pasaka. Nilikwenda Nansio kukaa na mama siku nne. Macho yake, kama nilivyokueleza, yameingia mtoto wa jicho yote mawili, anamtambua mtu kwa hatua. Asubuhi moja tumekaa barazani anachambua mchele kwa vidole, akaniomba nimsomee jumbe za baba zilizobaki kwenye simu yangu, zote, kama alivyoziandika, nisiongeze wala kupunguza. Nikamsomea. Alicheka kwenye habali, alicheka kwenye balua. Nilipofika kwenye ule wa kafi akaacha kuchambua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, hiyo ndiyo mahali yake, hawakuwa na ng'ombe.

Nikamuuliza ng'ombe wanaingiaje hapo. Ndipo nikasikia nilichosikia. Nathaniel, baba aliandika mahari. Angeandika neno ambalo halipo ningelijua mara moja, kama nilivyojua balua ni barua. Lakini mahali ni neno kamili, limekaa vizuri, nikalipokea lilivyo. Na ile "ya" niliyomcheka nayo ilikuwa sahihi kabisa. Mahari ya mama yenu. Katika ujumbe ule mkosaji wa Kiswahili nilikuwa mimi.

Mama alinieleza kwamba baba alipokwenda kumposa hakuwa na mfugo hata mmoja, alikuwa na sifa ya kupiga kafi tu. Babu mzaa mama alimwambia alete mbuzi wawili na kafi aliloshindia, mengine amesamehewa. Kafi likakaa kwa babu mpaka alipofariki, sisi hatujazaliwa bado, wajomba wakamrudishia mama. Hakutueleza kwa sababu wenzake waliolewa kwa ng'ombe wakawa wanamtania kwamba yeye ameolewa kwa mti. Baba alijua alivyoumizwa na utani ule. Kwa hiyo tulipozaliwa sisi alichonga alama kwenye ule mpini, wewe ya kwanza, karibu na bapa, mimi ya pili, juu yako, akamwambia mama wakimtania tena awaonyeshe faida. Hazikuwa mbio, kaka. Zilikuwa sisi. Mama akamaliza kwa kusema amefurahi kwamba kafi liko kwangu, kwa sababu mimi ni mtoto wa kike nitalitunza.

Sikumwambia. Nilimsaidia kuchambua mchele.

Jumatano iliyofuata nilivuka kwenda Kamanga. Mama Nusrat hana kosa lolote, nataka uelewe hivyo kabla hujamkasirikia. Alinunua mwiko, akautumia kama mwiko. Nilipomweleza habari yenyewe alikaa chini kwenye ndoo, akaniambia laiti ningesema. Alinirudishia na hakutaka nimlipe chochote. Bapa limeingia weusi wa masufuria, nimelisugua kwa jivu na ndimu, limepungua kidogo. Halinuki ziwa tena, linanuka pilau.

Lakini kafi lile lilikuwa refu kwake. Lilikuwa linamgonga begani akisonga, kwa hiyo wiki ile ile niliyomuuzia alimwita fundi akalipunguza mpini kwa msumeno, na kipande kilichokatwa akakitia jikoni siku ya harusi. Alama yako ipo. Yangu imeungua.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Kafi lipo hapa chumbani, limeegemea maboksi ya jaketi okozi ambazo hakuna aliyezinunua. Ukurasa nimeufunga, ila ile picha nimeihifadhi, kwa kuwa ndipo pekee nilipobaki. Fundi mmoja wa hapa Mirongo aliniambia anaweza kuunga mpini mpya na kuchonga alama, mtu asijue. Nilikaribia kukubali. Nikamkumbuka mama na vidole vyake. Siku ya msalaba atalipapasa, atakuta alama yako, atatabasamu, ataendelea kupandisha vidole kutafuta ya kwangu, na atafika kwenye msumeno. Sitaki agundue hivyo mbele ya watu. Nakuomba uje siku mbili kabla, tuvuke pamoja. Kusema nitasema mwenyewe. Wewe ukae karibu naye tu.

Msalimie wifi Rebeka, mwambie zile glovu nilizompa kama hazitumii anaweza kushikia masufuria, sitakasirika. Wasalimu majirani zako wote wanaonijua. Mungu akulinde njiani. Na humu ndani ukikuta nimekosea neno, kaka, niulize kwanza nilitaka kusema nini.

Ni mimi mdogo wako,
Hellen