Kanzu Iliyonukia Bi Harusi

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba, mama. Hapa Msambweni tu wazima, babu yako hajambo, na mbuzi wetu amezaa pacha.

Umeniuliza kwa nini chupa zako za plastiki za mafuta ya karafuu zinalainika na kuvuja. Nimecheka! Nilipoolewa, mama mkwe aliyatia mafuta yangu ya karafuu, ya kusingwa mwili siku ya harusi, katika chupa ya plastiki, akaiweka sandukuni pamoja na kanzu ya babu yako. Karafuu ikaila plastiki. Asubuhi ya harusi kanzu imelowa chapa, na babu yako nyingine hana. Basi akaenda msikitini kuoa akinukia bi harusi mtupu! Shehe alipiga chafya katikati ya hotuba.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakutaka mafuta ila katika chupa ya kioo, kifuniko kimekazwa, ndani ya kabati lenye giza, mbali na jiko na chetezo cha udi. Nawe fanya hivyo.

Kanzu ile babu yako hataki ifuliwe. Kila Idi huitoa, huinusa, kisha huniita, "Bi harusi!" Mimi harufu siisikii tena, lakini huitika.

Bibi yako