Kwa Mama Aliyedai Mimba Yangu ni Yake

Mama yangu wa ndoa, Min Otieno, mama wa mume wangu,

Tangu tukuzike sijapata kukaa na wewe peke yangu. Nyumba imejaa mashemeji, majirani na watu wa kwaya, na kila mmoja ana neno jema la kusema juu yako. Mimi nimenyamaza. Wanadhani ni huzuni. Huzuni ipo, tena ya kutosha, lakini kilichonifunga mdomo ni jambo jingine: nilikushuku, Mama. Nilikushuku mwaka mzima na zaidi, nawe ukinipikia, ukinitekea maji, ukiniita nyathina, mtoto wangu. Nataka nikuambie mwenyewe, kabla sijaanza kuwasimulia wanangu kwamba tulipendana tangu siku ya kwanza.

Unajua nilivyo. Nikinunua nyanya nazigeuza moja moja mpaka muuzaji aniulize kama nazitafutia mume. Nimekulia Isebania, mpakani, mahali ambapo mtu akikutabasamia unashika mkoba kwanza ndipo unaitikia. Shangazi yangu aliponisindikiza kuja kuolewa kwenu alinivuta kando akaniambia, "Boke, usile cha mama mkwe kabla yeye mwenyewe hajaonja." Hakunieleza kwa nini. Nami sikuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yangu mpya ilikuwa wewe.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Mume wangu Otieno alikuwa kazini Mbita, akipakia samaki kwenye barafu, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akinuka ziwa. Siku nyingine zote tulibaki wawili pale bomani, mimi sijui Kiluo, wewe hujui Kikuria, tukiokoteza Kiswahili. Chako kilikuwa kibovu, nisamehe, lakini kilifika kilikotumwa.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitatu. Siku moja kabla nilikuwa nimekula samaki mkavu uliyempika kwa maziwa. Muuguzi wa hospitali aliniambia mambo hayo hutokea, tena mara nyingi, na hayana wa kulaumiwa. Sikumwamini. Niliona kosa lazima liwe na mwenyewe, na wewe ndiwe uliyekuwa karibu. Ulilia kuliko mimi siku ile. Hata machozi yako niliyashuku.

Ndiyo maana mimba ya pili niliificha kama mtu anayeficha wizi. Najua kwenu mimba haitangazwi, na kwetu pia haitangazwi. Tumbo likionekana limeonekana, lakini mdomo hausemi, maana huwezi kujua nani ana jicho baya. Mimi nilipitiliza. Nilijifunga leso mbili, nikatembea nimebeba karai mbele, na jirani aliponiambia nimenenepa nikamjibu ni viazi vitamu vya msimu. Kliniki sikwenda, kwa sababu kwenye benchi la kliniki kila mtu anakuhesabia miezi. Wewe hukuwahi kuniuliza. Ulianza tu kuamka mapema kwenda mtoni kabla sijaamka. Nami nikajiuliza, huyu mama anaweka nini kwenye maji yangu?

Mimba ilipofika mwezi wa nane kichwa kikaanza. Hakikuwa kichwa cha jua wala cha njaa. Kilikaa juu ya macho kikakataa kutoka. Nikajikokota mpaka duka moja pale Rodi Kopany, lile lenye wavu mbele ya kaunta, ambapo mwenye duka anakuona shingo kwenda juu tu. Nikaomba dawa ya maumivu, akaniuliza ni ya nani. Ningesema ni yangu, angeuliza naumwaje. Ningesema naumwaje, angejua. Nikamwambia, "Ni ya mzee wangu. Magoti inamsumbua." Akachukua mkasi, akakata tembe za rangi ya waridi kutoka kwenye karatasi ndefu, akazifunga kwa kipande cha daftari. "Moja asubuhi, moja jioni, akishakula." Basi nikazimeza, dawa ya magoti ya Otieno, mtu ambaye goti lake halijamuuma tangu azaliwe.

Wewe uliniona nikimeza. Ulikuwa mlangoni na ufagio, ukasimama, ukaendelea kufagia. Siku ya tatu nikainua mto nilikozificha, na tembe nilizoacha nne zikawa tatu.

Hapo nilijua. Nasema nilijua, maana mtu wa shuku hapati shaka hata kidogo, anapata uhakika. Ulikuwa umechukua kitu nilichokigusa kwa mkono ili ukipeleke kwa mtu. Nikatoka nje nikakukuta umevaa gauni lako la kanisani, na pembe ya leso yako imefungwa fundo dogo, gumu.

"Nyar Isebania, mimi nafika soko kidogo," ukasema, ukiniita binti wa Isebania kama kawaida yako.

"Na kikapu, Mama?"

"Sinunui kitu ya kikapu."

Siku ya soko, mwanamke anakwenda mikono mitupu! Nikakuacha ufike kwenye ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe, nikakufuata. Viatu vyangu vilikataa kuingia, miguu ilikuwa imevimba, nikavaa akala za Otieno, vile viatu vya mpira wa tairi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia Otieno, na jinsi nitakavyorudi kwetu, na kama tumbo lingevumilia safari mpaka Isebania. Nilikuchukia, Mama. Sina neno laini la kuweka hapo.

Hukwenda kwa mganga. Ulipita soko, ukapita mzee wa mafuta ya taa aliyekuita, ukaingia zahanati. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Ukakaa kwenye benchi katikati ya wasichana wenye matumbo, wewe na mvi zako, umeshika kitabu cha nyimbo kama unasubiri ibada. Mimi nikajibanza nyuma ya tangi la maji, chini ya dirisha la chumba cha muuguzi. Nilikuwa na hakika umekuja kununua kitu cha kuniwekea kwenye chai, na kwamba huyo muuguzi ni mwenzako.

Muuguzi alikuwa mgeni, mtu wa Ukambani, kwa hiyo ilibidi mzungumze Kiswahili. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nilisikia kila neno.

"Mgonjwa ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Hii ni kliniki ya wajawazito."

"Najua. Ni mimi iko na mimba."

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema kwa Kiluo jambo lililowafanya wacheke tena. Wewe ulisubiri wamalize.

"Miezi ngapi?" muuguzi akauliza, naye sauti yake ikiwa na kicheko.

"Nane."

"Haya, shosho, bibi yangu. Na unaumwa nini?"

"Kichwa. Siku tatu haiachi. Miguu imefura, hata uso asubuhi imefura. Nimemeza hii." Nikasikia fundo likifunguliwa. "Nataka kujua kama hii ni mzuri kwa mtu iko na mimba, ama itamaliza mtoto."

Muuguzi akauliza, "Hii nani alikupatia?"

"Duka."

"Uliambia mwenye duka uko na mimba?"

"Hapana. Kwetu hatusemagi."

"Sasa mnaona!" akasema. "Hii ni dawa ya viungo. Mama mwenye mimba kubwa hatumii hii, inaweza kusumbua moyo wa mtoto huko ndani, na maji yake ipungue. Kama ni maumivu tu kuna paracetamol, lakini hata hiyo unakuja unauliza kwanza. Na ukiulizwa, unasema ukweli."

"Nimesikia. Na macho?"

"Macho inafanya nini?"

"Inaona nzi. Nzi inapita mbele, unafukuza, na hakuna nzi."

Mama, sikuwa nimekuambia habari ya nzi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Ulikuwa umekaa pembeni ya jiko ukiniangalia nikipunga mkono hewani, ukaelewa. Nilikuwa nimekodoa macho siku zote hizo nikitafuta sumu mikononi mwako, nawe ulikuwa ukitafuta ugonjwa usoni mwangu.

Muuguzi hakucheka tena. Nikasikia kiti kikisukumwa. "Shosho, sikiza. Mimi sitaki jina lake. Lakini huyo mtu kichwa yake si ya kutafutiwa tembe. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na ikipanda anaweza kupata kifafa, apotee yeye na mtoto. Mlete leo. Si kesho, leo."

Ulitoka mbio, mbio za mama mwenye miaka yako, ukakunja kona ya tangi, tukagongana. Nilitamani ardhi inimeze. Ukaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye zile akala.

"Umenifuata," ukasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi vizuri. Umejileta."

Ungenitukana ningepona haraka zaidi. Ulinishika mkono ukaniingiza ndani mbele ya lile benchi, na kwa sauti ya kusikika na kila mtu ukamwambia muuguzi, "Mimba yangu ndiyo hii." Wakapima presha, wakapima tena. Saa hiyo hiyo nikapakiwa kwenye pikapu ya mtu wa mahindi kwenda hospitali ya Homa Bay, kichwa changu mapajani pako, wewe ukiomba kwa lugha nisiyoijua, nami, sitakuficha, nikijiuliza kama kweli ni maombi.

Naam. Hata hapo. Usidhani niliona ukweli nikabadilika kama watu wa ushuhuda kanisani. Akoth alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo, amekunjamana, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya paka. Nililala na sindano mkononi siku nyingi. Ukaniletea uji kutoka nyumbani, umeufunga kwa matambara usipoe, umetembea nao na kupanda nao magari mawili. Ulipotoka kwenda kumwona mtoto nikaumwaga kwenye sinki. Shangazi yangu alikuwa bado anaongea masikioni mwangu.

Ulirudi ukaona weupe kwenye sinki. Ukasuuza kikombe. Kesho yake ukaja tena na uji, ukamimina, ukanywa nusu kikombe huku unaniangalia, ukapangusa mdomo kwa leso, ukanipa kilichobaki. Kuanzia siku ile mpaka Akoth alipoanza kutembea, hukuniwekea chakula bila kuonja kwanza, na sikuwahi kuona uso wako umenuna. Nilijiambia labda ni desturi yenu. Nilijua si desturi.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mwezi uliopita, maumivu ya mifupa yalipokulaza, nilikwenda zahanati kukuulizia. Nilisema yote bila kuficha, umri wako, tumbo lako lisilopenda dawa kali, na jina lako nikalitaja. Nikarudi na tembe kwenye bahasha iliyoandikwa kila kitu. Chumbani walikuwa wamekaa wake wengine wa ukoo na wifi zangu. Nilipoingia na kikombe cha maji, maongezi yakakatika. Mmoja wao, simtaji, akauliza, "Hiyo ni nini hiyo unampa mama?" Wengine wakaangalia vidole vyangu. Nilielewa mara moja, maana macho yale nilikuwa nayajua vizuri sana, nilikuwa nimeyavaa mwenyewe. Mgeni. Mtu wa mpakani. Nani anajua amebeba nini.

Nikasimama pale katikati ya chumba na tembe mkononi. Nilitaka kuwaonyesha bahasha, lakini kwa macho yale hata bahasha ingekuwa ushahidi.

Wewe ulikuwa umefumba macho. Hukuyafumbua. Hukuuliza ni dawa gani wala imetoka wapi. Ulisema, "Nyar Isebania amekuja?" Nikasema nimekuja, Mama. Ukafungua kinywa, mbele yao wote, ukangoja.

Nisamehe. Mimi nilikufungia kinywa changu mwaka mzima.

Lala salama, Mama,

Mkamwana wako.