Mipapai Isiyopigwa Dawa

Msambweni, 14 Januari 2023

Kaka Nassir,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Wifi Twaiba hajambo? Mguu wake umepoa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na karatasi haikatizwi. Nimempa Sanga, anayeleta samaki hotelini kwenu Galu, akufikishie mkononi.

Mipapai yangu imeingiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga ulionata. Majani yamejikunja, matunda yanadondoka machanga. Miti sitini hiyo ndiyo inayonilisha tangu niachike, wajua. Tumepiga dawa mara tatu, lakini wale wamejivika nta, dawa inawateleza. Waliokufa ni nyuki na kuku wangu wawili.

Sasa Everline, yule afisa wa kilimo, ameniletea chupa ya nyigu. Usiruke! Ni wadogo kuliko punje ya ufuta na hawaumi mtu. Jike humdunga kidung'ata akatia yai ndani yake. Mtoto akianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani, kisha hutoboa mgongo akaruka zake. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha hawa ki tumboni. Everline asema nyigu wa namna hii ni maelfu kwa maelfu: wako wa mayai ya nondo wa mahindi, wako wa viwavi, wako wa nzi wa maembe, na wengi wao kila mmoja na windo lake. Huyu wetu shida yake ni kidung'ata cha papai tu.

Sharti ni moja: nisipige dawa, maana itawaua na wao. Hesbon, mpiga dawa wa kikundi chetu cha wakulima, anapita Jumamosi. Mwambie mwenyekiti Karisa aniruke. Wewe atakusikia.

Dadako,
Subira

Galu, 21 Januari 2023

Dada Subira,

Wa alaykum salaam, marahaba. Twaiba anakusalimu, mguu wake haujambo. Mimi ni mzima, ila hapa stoo kazi haziishi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeletewa wadudu kwenye chupa, ukawafungulia wewe mwenyewe? Shamba lililojaa wadudu laongezewa wadudu? Karisa ameshanipigia simu. Anasema majirani wote wanapiga dawa, na upepo unawarudishia ugonjwa kutoka kwako. Yeye anaona haya kukuambia kwa ajili yangu, nami naona haya kwa ajili yako.

Nakuambia kama mkubwa wako. Urithi wa baba ulipogawanywa, kipande chenye mipapai kiliniangukia mimi. Piga dawa, au miti ing'olewe nipande mihogo. Nakupa mpaka mwisho wa Februari.

Kakako,
Nassir

Msambweni, 19 Februari 2023

Kaka Nassir,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Mimi afya yangu njema, na hasira yangu nayo ina afya njema kabisa.

Ardhi ni yako, sibishi. Miti ni yangu, niliipanda kwa mkono wangu. Tangu lini huku kwetu aliyepanda akanyang'anywa na mwenye udongo? Mkorosho wa Mzee Mwinga umesimama mbele ya mlango wetu miaka arobaini, na baba, ardhi ikiwa yake, hakuokota hata korosho moja bila kuomba. Wewe uliokota, ukachapwa. Kama umesahau, makalio yako hayajasahau.

Hesbon alikuja na bomba lake mgongoni. Nikaweka mbuzi chini ya mpapai wa kwanza, nikakuna nazi. Nikamwambia, "Ukinyunyiza, dawa inaingia kwenye tui, na wali huo utaula wewe mbele yangu." Akacheka, akaenda zake.

Kosa langu nalo nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Tumelelewa kwamba mwanamke hujulikana kwa ua wake. Basi kila Ijumaa asubuhi nilifagia majani yote yaliyoanguka nikayachoma, kama alivyofanya mama. Everline alipokuja akaona jivu, akashika kichwa. "Ai, Subira! Umechoma watoto wetu?" Kumbe kwenye majani yale walikuwamo vidung'ata waliovimba wakawa kahawia, na kila mmoja ana nyigu tumboni anayengoja kutoka. Wiki nne nimechoma askari wangu kwa mkono wangu, na huku najiona msafi. Nililia, kaka.

Ameniletea chupa ya pili, na amesema hakuna ya tatu. Kwa hiyo sifagii tena. Majani yanalala pale yalipoanguka. Wanawake wanaopita kuteka maji wanasema Subira amekuwa mvivu, na waseme mpaka wachoke. Sing'oi, na sipigi dawa.

Dadako,
Subira

Galu, 27 Februari 2023

Dada Subira,

Salaam. Twaiba hajambo.

Nimeambiwa majani yamejaa mpaka mlangoni. Mama, Mungu amrehemu, angelionaje hilo? Umetuaibisha. Muda niliokupa umekwisha. Jumapili nakuja na panga.

Kakako,
Nassir

Msambweni, 6 Agosti 2023

Kaka Nassir,

Assalamu alaykum. Shikamoo nakupa, ni haki yako. Nimesikia mguu wa Twaiba umerudi kumsumbua. Mwambie asisimame sana.

Miezi mitano nimenyamaza ili nisikuandikie matusi. Ulisema Jumapili, ukaja Jumamosi nikiwa Mkwiro kwenye arusi ya binti wa Sharif, na ulijua nitakuwa huko. Ukakata mipapai ishirini na mitatu kabla jua halijakushinda, wewe uliyezoea kivuli cha stoo. Niliporudi nikaikuta imelala, iliniuma kuliko talaka yangu.

Ulimwachia Hesbon kazi ya kukusanya na kuchoma. Alikusanya. Nikapanda juu ya lundo nikakaa, na kiberiti chake akarudi nacho mfukoni. Majani yale hayakuguswa, na nyigu wakatoka humo wakapanda kwenye miti thelathini na saba uliyoiacha. Kufika Juni, weupe ulikuwa umekwisha. Leo matunda yamebanana shinani mwa majani, hata mkono haupiti.

Na usiniambie ni mvua. Mvua ilinyesha na kwa Karisa, na mipapai yake anayoipiga dawa kila wiki mbili ingali myeupe. Juzi alikuja mwenyewe, akazunguka maneno weee, mwisho akaomba majani yangu machafu. Nikamfungia kwenye leso kuukuu. Mkewe sasa hafagii.

Basi sikia. Ulikata ishirini na mitatu. Nimepanda arobaini na sita. Miwili kwa kila mmoja, kwenye ardhi yako, mchana kweupe, na Karisa shahidi. Imeshanifika kiunoni. Ukitaka kuikata na hii, njoo nikiwepo.

Sanga anakuletea mapapai sita. Ni ya Twaiba. Wewe usionje hata kipande mpaka uje uniombe radhi, kwa mdomo wako, pale pale ulipokata.

Dadako,
Subira