Televisheni ya Chogo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mabatini tu wazima, na mama yako anakusalimu. Lakini swali lako limenipandisha hasira. Eti fundi wa huko Dodoma amesema kompyuta yako imekufa, ununue mpya?

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofurika madukani, nilikuwa na televisheni kuukuu ya chogo. Deki ya kanda za video niliichomeka kwenye tundu la antena, picha ikaja chenga tupu. Na kanda yenyewe ilikuwa ya harusi ya mdogo wangu, ambamo marehemu mama yangu anacheza. Uso wake sikuuona! Tukaibeba televisheni, mimi na babu yako, hadi kwa muuza televisheni. Niliuliza mimi, yeye akamjibu babu yako: "Mzee, hii imekufa. Chukua mpya." Hakugusa hata skrubu moja!

Mimi, niliyekuwa natengeneza redio za mtaa mzima! Nikaifungua mwenyewe, nikairuka ile njia ya antena iliyoharibika, nikalehemu waya wa deki moja kwa moja kwenye njia ya picha. Chenga zikaisha. Mama akacheza, hadi mwanya wake nikauona.

Jumapili yule muuzaji akapita, akaona picha safi, akadhani ni mpya, akauliza tumeinunua duka gani. Niliigeuza tu, ikampa kisogo, akalitambua chogo alilolikataa.

Basi usiniulize mimi kama kompyuta yako imekufa. Rudi ukamuulize huyo fundi wako: ameifungua?

Bibi yako